Risasi Mbili za Wavu wa Baba

Kimanga, Uvira, tarehe 8 Septemba 2024

Kwako kaka yangu Norbert,

Salamu za hapa nyumbani zikufikie huko Charleroi, weye na wifi yangu Raïssa na watoto. Natumaini baridi haijawaanza, na ule mgongo uliolalamikia kwa simu umepoa. Sisi tuko wazima kadiri wafiwa wanavyoweza kuwa wazima. Mwanangu Shalom anakohoa kwa unyevu. Maji ya ziwa yalirudi kwao, lakini ukuta ulishakunywa mpaka usawa wa goti, na rangi inabanduka kila nikipita na ufagio. Saluni inaendelea. Mungu asifiwe kwa hilo, na minye pia nisifiwe kidogo, sababu mafuta ya jenereta hayaanguki kutoka mbinguni.

Utajiuliza kwa nini karatasi wakati simu ziko. Kwanza, simu inakatika, na weye unajua kukatika pale unapotaka. Pili, ndani ya bahasha hii kuna kitu ambacho simu haiwezi kubeba. Iddy, mdogo wake rafiki yangu Kadija, anapitia Bujumbura kuja huko, naye ameahidi kukuwekea mkononi.

Nimesoma ujumbe wako katika kundi la familia kuhusu siku ya kumaliza kilio cha Baba, tarehe 30 Novemba. Maturubai mawili, sawa. Kwaya, sawa. Halafu ukaandika kwamba zile ndege tisa zipangwe mezani mbele ya picha ya Baba, na kibao kiandikwe: Kazi ya mikono ya mwana wake Norbert. Baba mdogo Déogratias alijibu kwa vidole gumba vitatu. Na kwangu binafsi ukaongeza nizipanguse vumbi kwa brashi laini, nisije nikavunja antena. Mimi. Uliniambia mimi brashi gani.

Basi ngoja nikukumbushe, sababu huenda umeisema hadithi hiyo mara nyingi mpaka umeiamini.

Mwaka 2016 ulimpigia Baba ukamwambia umepata kazi ya ufundi wa ndege, na kwamba jioni unatengeneza ndege ndogo kwa mikono yako, unamtumia moja ashike kile ambacho mtumbwi wake umezaa. Baba alikuwa ameuza mtumbwi na mota ili weye upande ndege. Alibakiza wavu tu, aliouning'iniza ukutani karibu na kitanda. Juma la tatu Kadija akavuka kutoka Bujumbura na bwate yako, kisanduku cha karatasi ngumu, akaileta saluni. Nilipofungua hakukuwa na ndege. Kulikuwa vipande themanini na sita vya plastiki vimeshikana kwenye fremu zao kama samaki kwenye ubua, karatasi ya maelezo yenye picha, na kikaratasi chako: unapakia mizigo usiku, haulali, muda haupo, nikusaidie mara hii moja tu, na Mzee asijue.

Mara hii moja tu. Nimehesabu: zilikuwa tisa.

Sikufundishwa na mutu. Bawa la kwanza nililipoteza kwa asetoni. Nilifikiri kinachoondoa rangi kwenye kucha kitaondoa gundi iliyomwagika, na plastiki ikayeyuka ikakunjamana kama ngozi ya maziwa. Nililijenga upya kwa plastiki ya kijiko cha yogati, nikalisugua kwa limu, ile tupa ya kucha, mpaka likalingana na mwenzake. Nikajifunza kwamba verni, rangi ya kucha, haiwekwi juu ya plastiki uchi. Unatanguliza rangi ya maji, tabaka tatu nyepesi, unangoja. Mwili wa ndege unakuja nusu mbili, kulia na kushoto, nami nilizibana kwa vibanio vya nguo mpaka gundi ikauke. Mteja anasukwa huku, pale dirishani ndege inakauka. Kadija alisema Mama Shalom sasa anapaka kucha mpaka za ndege, na kwamba siku ndege hizo zitadai kusukwa atahama Kimanga. Tulicheka. Wakati huo nilikuwa bado nacheka.

Kwenye kila bwate iliandikwa 1/144, maana yake kitu halisi kimegawanywa mara mia moja arobaini na nne. Hesabu hiyo ilinishika kichwani. Weye una mita moja na sentimita themanini. Ndani ya ndege zile ungekuwa na sentimita moja na robo. Na miaka kumi na tatu ambayo haujakanyaga Uvira, ukiigawa hivyo hivyo, ni mwezi mmoja na siku mbili. Labda ndiyo maana unaona haujakawia.

Jambo moja haulijui, na ndilo lenye maana. Ndege za namna ile zina gurudumu la mbele chini ya pua, na mkia wake ni mzito. Karatasi inasema kabla haujafunga mwili uweke uzito ndani ya pua, gramu kumi, la sivyo ndege haitasimama, itakalia mkia. Huko kwenu nasikia wanauza vidonge vya chuma kwa kazi hiyo. Minye nilitazama ukutani nikaona wavu wa Baba, na zile risasi zilizobanwa kwenye kamba ya chini ili uzame. Nilizipima kwa mizani ya muuza pete sokoni: kila moja gramu sita. Kwa kila ndege nilikata mbili, nikasogeza zilizobaki ili pengo lisionekane. Wavu usioingia tena majini unahitaji risasi za nini? Na Baba macho yake yalikuwa yamebakia kuona mwanga wa mlango tu. Ndivyo nilivyojiambia.

Kila ndege ikikamilika niliitia tena katika bwate yako, naifunga na utepe, nampelekea kana kwamba imetoka posta saa ile. Alikuwa akiikalisha juu ya paja na kuipitia kwa kidole gumba, polepole, kutoka puani mpaka mkiani, akitafuta mshono wa tumbo. Hakuupata. Nilikuwa nimeusugua siku nne. Halafu alikuwa akisema, mbele yangu, minye niliyemwogesha asubuhi: mkono wa Norbert hautetemeki. Wageni wakija anawaonyesha. Jirani Mathieu alisema hata wazungu hawana mkono kama huo, Baba akajibu kwamba mkono unatoka kwa mama yetu, aliyeweza kushona wavu gizani. Minye nilikuwa pale, namimina chai. Unajua mtaa mzima walimwita Baba Norbert. Miaka arobaini na moja nimekuwa binti wa mutu mwenye jina lako.

Utasema ningekataa. Nilikataa mara moja, mwaka 2019, bwate ya nne. Niliiacha chini ya meza miezi miwili. Baba akaanza kuuliza kama unaumwa, kama wamekufukuza, akaacha kumaliza ugali. Nikaifungua ile bwate kwa hasira na kuijenga kwa siku kumi na moja. Ilitoka nzuri kuliko zote. Hiyo nayo iliniuma.

Sasa nifikie kile kilichonifanya ninunue bahasha. Soma ukiwa umeketi.

Aprili maji yalipoingia ndani, nilibeba kwanza Baba, halafu ndege nane, halafu godoro. Nililala juu ya meza ya saluni majuma mawili. Weye ulipiga simu, ukamwuliza Baba kama ndege ziko salama. Mimi haukuniuliza. Na katikati ya majuma hayo Kadija akaleta bwate ya tisa, ambayo ulikuwa umeituma kabla, na kikaratasi chako safari hii kilikuwa na maneno manne: Kama kawaida, dada. Haraka.

Nilikata vipande, nikavisugua, nikavipaka. Nilipofika pale pa kuweka uzito, nilitazama nusu mbili za mwili zikiwa wazi mbele yangu kama ganda la karanga, nikazifunga tupu. Sikusahau, Norbert. Nilifanya kwa makusudi. Nilitaka ndege yako ianguke mikononi mwa Baba. Nilitaka mara moja tu, kabla hajafa, kidole chake kikute kosa na kosa hilo liwe lako, sababu kama sifa zote ni zako, kosa nalo ni lako pia. Niliona ni hesabu ya haki.

Jumamosi tarehe 25 Mei nikampelekea. Akaipapasa, akaridhika, akaiweka mezani. Ikainua pua juu kama kuku anayemeza maji. Akaisukuma chini, ikainuka. Mara tatu. Nilisimama na sinia mkononi nikingoja aseme kwamba mkono wa Norbert umechoka.

Badala yake aliinuka, akashika ukuta mpaka penye wavu, akaichukua kamba ya chini na kuipitisha kati ya vidole, kutoka mwanzo mpaka mwisho, mdomo ukihesabu. Alikawia. Halafu akasema:

“Mama Shalom, mara hii haukukata risasi.”

Sinia niliiweka chini. Alisema wavu ule aliufunga risasi mia mbili na arobaini kwa mikono yake mwaka aliomwoa Mama, na mvuvi anajua risasi zake kama mwalimu anavyojua darasa. Ndege ya kwanza zilipungua mbili. Ya pili, nne. Kufikia ya nane zilikuwa kumi na sita pungufu, na sasa bado ni kumi na sita. Tangu ile ya kwanza, Norbert. Miaka minane alijua.

Nilimwuliza kwa nini alinyamaza. Alisema alikuwa anangoja minye niseme. Nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa ya heshima, basi hizo sifa zote alikuwa anamsifu nani.

“Nilikuwa nazisema mbele ya nani?” akaniuliza.

Jibu hilo nimelala nalo miezi mitatu. Siku nyingine naliona kama zawadi, siku nyingi naliona kama ujanja wa mzee aliyetaka kubakia na watoto wawili bila kuchagua. Chakula kikipitishwa mbele yako kwa jina la mwenzako, haushibi kwa sababu kilipita karibu. Na usifikiri alihamia upande wangu. Kesho yake, Jumapili, ulipiga simu. Akakuambia ndege imefika, imesimama vizuri kwenye magurudumu yake, mkono wako hautetemeki. Aliyasema hayo huku uso wake umegeukia kwangu, na ile ndege iko mezani imekalia mkia. Uongo wake wa mwisho nilioushuhudia alikupa weye.

Baada ya simu aliomba kisu chake cha samaki. Alikata risasi mbili mwenyewe, akaniwekea kiganjani, akasema nifungue pua niiponye. Nikasema kesho. Jumatatu akauliza, nikasema wateja ni wengi. Siku nyingine nikasema gundi imekwisha. Gundi ilikuwepo, nusu ya chupa. Kazi yenyewe ni ya saa moja: unakata pua kwa wembe, unatia, unafunga, unasugua. Nilikaa nazo mfukoni mwa aproni siku ishirini na tatu, na kila asubuhi Baba aliunyosha mkono mezani kugusa kama imesimama. Tarehe 17 Juni hakuunyosha. Nilipomfunga kidevu kwa kitambaa, risasi ziligongana mfukoni. Nimekuficha hilo, nimewaficha wote, hata Kadija. Hasira ilikuwa juu yako, lakini aliyeilipia ni yeye.

Kwa hiyo kuhusu meza yako. Ndege nane zitakuwepo, na nitazipangusa kwa brashi ninayoijua. Ya tisa pia itakuwepo, katikati, imekalia mkia wake kama alivyoiacha. Kibao sitakiandika. Risasi mbili ziko ndani ya bahasha hii, zimefungwa kwa pamba zisitoboe karatasi. Moja ina alama ya kisu cha Baba. Njoo nazo. Wembe na gundi nitakuwekea mezani, na mbele ya watu utakata pua, utazitia, utafunga. Ikisimama, andika jina unalotaka, sitafungua mdomo. Usipokuja, nitawaambia wageni kwa nini inakalia mkia, sehemu yako na sehemu yangu, bila kuruka. Fundi wa ndege hatashindwa kujua mahali pa kuziweka.

Nakutumia na ndagala kavu kidogo, dagaa za ziwa letu, Raïssa azioshe mara mbili sababu zina mchanga. Kadija anakusalimu. Shalom anauliza mjomba ana sura gani. Wabusu watoto, na mgongo huo uufunge kitambaa cha joto.

Ni mimi dada yako,
Blandine,
binti wa Baba Norbert