Jogoo Mwenye Shingo ya Kutu

Embu Mjini
4 Machi 1986

Kwako shemeji Gacheri,

Pokea salamu zangu na za dada yako Nelius, ambaye amepata nguvu baada ya ile homa ya Januari. Watoto wanacheza, mvua bado. Sijui baridi ya Timau inawatendaje, na magoti ya Mama yanaendeleaje. Mpe pole zetu.

Shemeji, najua tangu nihamie huku hatujaandikiana. Kazi imenishika. Karakana yangu imesimama, nina wafungaji wangu mwenyewe wa kufunga vyambo kwenye ndoana, na kile kiwavi chetu cha manyoya kimependwa ng'ambo kuliko chambo kingine chochote. Mzungu anayenunua kwangu anasema samaki wa kwao, wale trauti, wanakirukia kama wenye wazimu. Mwezi wa tano anakuja mwenyewe kuona tunavyokifunga, na akiridhika tutatia sahihi mkataba wa miaka mingi.

Shida ni manyoya. Yale niliyotoka nayo Timau yameisha. Nimepanda hadi Meru nikazunguka soko lote la Gakoromone, nimeshuka hadi Mitunguu, nimeshika majogoo shingoni mpaka watu wakanidhania mwizi. Wote ni wekundu tupu au weusi tupu. Hakuna mwenye unyoya wa rangi ya kutu na mstari mweusi katikati kama yule jogoo wako. Bila mstari ule, ukiuzungusha unyoya kwenye ndoana hupati kiwavi, unapata brashi. Naomba unitumie huyo jogoo. Nitamtunza.

Ni mimi shemeji yako,
Nyaga


Timau
15 Machi 1986

Shemeji Nyaga,

Salamu zimefika. Mama hajambo ila magoti, mimi sijambo ila moyo. Nafurahi Nelius amepona.

"Kiwavi chetu." Nimelisoma neno hilo nikacheka peke yangu hadi Mama akauliza kuna nini. Nani alikaa kando ya mto akitazama viwavi wakidondoka kutoka mitini na trauti wakiwagombania? Nani alijaribu sufu ya kondoo ikazama, akajaribu nyasi zikakatika, mpaka siku moja akamtazama jogoo wake mwenyewe? Wewe ulikuwa msimamizi wetu pale karakana ya Timau. Nilikuletea kiwavi cha kwanza mkononi kwa sababu ni mume wa dada yangu. Ukampelekea Mzungu, ukasema umekibuni wewe. Nilipokuuliza, ukamwambia mwenye karakana kwamba naiba ndoana. Mkoba wangu ukamwagwa mezani mbele ya wenzangu wote. Hakukuwa na ndoana hata moja, na bado nilifukuzwa. Tangu siku ile hakuna aliyenipa kazi ya kufunga. Napalilia kabichi za watu, vidole vimekuwa kama vya mchimba mawe.

Unamtaka jogoo? Mwandikie Mzungu kwamba kiwavi ni cha Gacheri, nami niione barua hiyo kwa macho yangu. Hapo tutaongea.

Shemeji yako,
Gacheri


Embu Mjini
2 Aprili 1986

Shemeji yangu mkali kama pilipili,

Hatujambo sote huku, na barua yako imetufikia ikiwa bado inawaka moto. Nelius aliisoma akaenda kukaa nje.

Haya mambo ya zamani tuyaache. Lile la ndoana lilikuwa hasira za kazini tu, na wewe nawe ulikuwa na mdomo. Hiyo barua unayotaka siwezi kuiandika. Maboksi yameshachapwa "Kiwavi cha Nyaga". Nikigeuka sasa, Mzungu ataniona mwongo, mkataba utakufa, na dada yako atakula nini? Mfikirie yeye kama mimi hunipendi. Baadaye njoo Embu, nitakupa kiti karibu na dirisha ufunge viwavi pamoja na wengine. Ila jogoo atangulie.

Mimi shemeji yako,
Nyaga


Timau
14 Aprili 1986

Shemeji Nyaga,

Natumaini hamjambo. Sisi tunashukuru Mungu, mvua imeanza.

Nimefikiri sana. Nelius ni damu yangu, sitaki alale njaa kwa ajili ya maneno yetu. Lakini haya si mambo ya kutumiana. Hujakanyaga hapa tangu uhame, na Mama anauliza amekosa nini hata mkwe wake akampotea. Njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Uje kama mkwe anavyokuja, na koti lako. Nitapika mwenyewe.

Shemeji yako,
Gacheri


Embu Mjini
30 Aprili 1986

Kwa shemeji mpendwa,

Nilifika salama, na bado nawahadithia watu chakula kile. Nyama ilikuwa ngumu kidogo, si uongo, lakini mchuzi! Na uliponiwekea firigisi juu kabisa ya sahani, nikajua nimesamehewa. Mama aliomba mpaka chapati zikapoa, nami sikujali.

Ila shemeji, nilitoka bila jogoo. Nilingoja uniletee. Mimi ni mkwe pale, siwezi kuzunguka nyuma ya nyumba nikachungulie jikoni na banda la kuku la Mama. Nilikohoa, nikakutazama, ukaniongeza mchuzi.

Salesio, yule wa lori la kabichi, atapita kwenu Alhamisi ya wiki ijayo na kikapu. Mpe huyo jogoo, tafadhali. Mzungu anafika wiki inayofuata na sina hata kiwavi kimoja cha kumwonyesha.

Shemeji yako,
Nyaga


Timau
8 Mei 1986

Shemeji Nyaga,

Mama hajambo. Salesio yuko hapa nje ananingoja nimalize kuandika. Kikapu kinarudi kitupu.

Jogoo ulimla. Ile nyama ngumu ndiye yeye, na firigisi ilikuwa yake. Nilijua mkwe hachungulii jikoni, ndiyo maana nikakuita uje kama mkwe. Nilimchinja kwa mkono wangu. Aliponiona alinijia mbio akidhani nina mahindi, nikalia, sikufichi. Halafu nikakumbuka mkoba wangu ukimwagwa mezani, nikamkamata.

Utauliza manyoya. Niliyachoma yote kabla hujafika. Ningeweza kuyaweka nifunge viwavi vyangu vya mwisho, lakini najijua. Ungemtuma Nelius, angesimama mlangoni akilia, nami ningempa. Sasa hakuna cha kumpa mtu. Vifaranga wake wote wametoka wekundu tupu. Kwa hiyo hata mimi sitakifunga tena, na usidhani hainiumi. Inaniuma kila ninaposhika jembe. Lakini nikikukumbuka ukilamba vidole, napata usingizi.

Mama hajui lolote. Anawasimulia wenzake kanisani jinsi nilivyomheshimu mkwe wake. Nelius mwambie nampenda, mlango wetu uko wazi kwake.

Na Mzungu akifika akitaka kukiona Kiwavi cha Nyaga, mwambie ulikila kwa chapati, kwa wakwe zako, Timau.

Shemeji yako,
Gacheri