Gari Lililokataa Kuzimika

Ubaruku, Mbarali

Mke wangu Mama Shufaa,

Assalaam alaykum. Kabla ya yote niambie, kifua cha Mama kimetulia? Huku jua linawaka, nalala bila shuka, na nikikumbuka baridi ya huko nyumbani Mlandege miezi hii naona haya kwa raha yangu. Shufaa anaendeleaje na shule? Na mdogo wake bado anagombana na uji? Mimi ni mzima, isipokuwa kiuno kinalalamika kwa kuinama kwenye injini za watu.

Najua utauliza kwa nini nimeandika na simu ninayo. Juzi nilikupigia nikaanza kukusimulia, ukasema, "Baba Shufaa, mboga inaungua," ukakata. Basi hii isome mboga ikishaiva. Nampa dereva wa Fuso pamoja na gunia la mchele, na uisome yote, hata pale ninapojisifu, maana safari hii nina haki.

Hapa jirani na gereji yetu kuna mama mmoja, Bi Rehema. Ana pikapu kuukuu ya petroli, anabeba mpunga wa watu kutoka mashambani kuuleta mashine ya kukoboa. Mumewe ndiye aliyekuwa akiendesha, akafariki kabla mavuno hayajaanza, Mungu amrehemu. Bi Rehema akakaa eda. Alipotoka, akashika usukani mwenyewe ili watoto wale, na hapo ndipo balaa likaanza. Gari lilikuwa linakataa kuzimika. Unazima, unachomoa ufunguo, unaushika mkononi, na injini inaendelea kukohoa na kutikisika, kho, kho, kho, mpaka uingize gia na kukanyaga breki ndipo ife kwa kulazimishwa.

Wewe unawajua watu. Wakasema marehemu hajaachia usukani. Mkulima mmoja akashusha magunia yake njiani, mwingine akatuma mkokoteni wa ng'ombe, na msimu ukiwa umepamba moto Bi Rehema akawa anakaa kivulini anatazama wenzake wakipakia. Akaitwa shehe aje asome. Akasoma vizuri, akasema washeni, wakawasha, wakazima, nalo likaendelea kukohoa mbele yake. Shehe akakunja mkeka wake, akasema, "Mimi yangu nimemaliza. Sasa tafuteni fundi."

Ndivyo nilivyoitwa mimi, mume wako. Lakini muda ulikuwa umekwisha karibu wote. Shemeji yake Bi Rehema, Hamisi, alikwishapata mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Mbeya, na Ijumaa baada ya swala angekuja na kamba kulivuta. Bi Rehema alikuwa amekubali. Aliniambia, "Fundi, mimi siyo kwamba nataka kuuza. Lakini gari hii watu wanaikimbia, nitabeba mpunga wa nani?"

Sitakuficha, na mimi niliogopa. Nilipochomoa ule ufunguo na gari likaendelea kunitikisia kiti, nilisoma kila aya niliyofundishwa madrasa, na nyingine nusunusu. Ila nilisikia harufu ya petroli, nikajiambia jini gani huyu anakunywa petroli? Nikafungua boneti.

Kwanza nilidhani ni masizi, nikabadilisha plagi. Wapi! Halafu nikaona kabureta ni mpya, inang'aa juu ya injini yenye kutu, na siyo ya gari lile, ni zile za madukani zinazotengenezwa zifae magari mengi. Skrubu ya sailensi, ile inayoamua injini ingurume kiasi gani ukiwa hujakanyaga mafuta, ilikuwa imekazwa hadi mwisho. Nikailegeza. Gari likafa pale pale, ufunguo ukiwa ndani. Yaani lililokataa kufa sasa lilikuwa linakataa kuishi! Nikaiangalia kabureta pembeni, nikaona kikofia kidogo cha chuma chenye waya, na ule waya umekunjwa, umeviringishwa utepe wa umeme, hauendi popote.

Nikauliza, "Bi Rehema, kabureta hii mmebadilisha lini?"

"Haijabadilishwa," akasema. "Ni ile ile ya marehemu Baba Salma."

Hamisi alikuwa amesimama karibu na tairi. Nikamwona anatazama ndala zake.

"Shemeji, nilibadilisha mimi," akasema. "Ya zamani ilikuwa inavuja, nikaipeleka gari Mbeya. Wewe ulikuwa ndani ya eda. Nikasema mtu yuko kwenye eda, nitamwendeaje na habari za kabureta?"

"Na watu waliposema ni marehemu?" akauliza Bi Rehema.

"Kule Mbeya ilikuwa inazimika vizuri, shemeji. Ilipoanza kukohoa huku, na mimi nikaamini."

Mke wangu, hapo nilicheka mpaka nikakaa chini. Kile kikofia ni mlango wa petroli. Kikipata umeme kinafungua njia ya sailensi, ukizima ufunguo kinaifunga. Kabureta ya zamani haikuwa nacho, kwa hiyo fundi wa kule hakuona pa kuunga waya, akaufunga utepe. Mlango ukabaki umefungwa, injini ikawa inazimika ovyo, akakaza skrubu ili ipate petroli kwa njia nyingine. Kwenye baridi ya Mbeya ikamtii. Lakini huku Usangu, joto hili na gunia juu ya gunia, injini inachemka mpaka petroli inajiwakia yenyewe bila plagi.

Nikavuta waya kutoka swichi ya ufunguo hadi kwenye kikofia. Nikawasha swichi, kikasema "tak". Ulikuwa mlio mtamu! Nikapasha injini moto, nikairudisha ile skrubu taratibu hadi kiasi chake, kisha nikashika ile ya mchanganyiko wa petroli na hewa: kidogo ndani mpaka ikaanza kukwama, kidogo nje mpaka ikatulia, narudi, naenda, sikio likiwa kwenye injini. Nikapakia magunia, nikaenda Rujewa na kurudi jua la mchana, makusudi ichemke.

Niliporudi, Ijumaa hiyo, mnunuzi yupo mashineni na kamba yake begani, na watu wametoka msikitini wamejaa. Nikashuka injini ikinguruma. Nikamwambia Bi Rehema, "Zima wewe."

Akapanda. Akazungusha ufunguo. Kimya. Kimya mpaka tukawasikia kuku wakidonoa pumba. Kisha watu wakapiga kelele, mmoja akanibeba, kofia yangu ikaanguka, na hata shehe akapiga makofi.

Bi Rehema hakushuka. Nilimsogelea, nikamkuta analia. Akasema polepole, "Fundi, wengine waliogopa. Mimi nilikuwa nachelewa kuingiza gia ili nimsikie kidogo." Nilisimama tu pale, mkono juu ya mlango.

Akajifuta kwa khanga. Akawasha gari, akachungulia dirishani, akamwita yule mnunuzi: "Baba, hiyo kamba yako ni ndefu? Niuzie, nifungie magunia." Halafu akawageukia wakulima: "Mnangoja nini? Pakieni!" Wakapakia. Hamisi ndiye aliyebeba gunia la kwanza.

Msalimie sana Mama, mwambie dawa ya kifua ipo ndani ya gunia la mchele, aitafute kabla hamjapika. Msalimie shangazi yangu muuza vitenge, na kaka yako fundi cherehani, umwambie suruali aliyonishonea bado inanibana. Wabusu watoto. Nimekukumbuka sana, zaidi ya ninavyojua kuandika, na mavuno yakiisha nakuja.

Wako anayekupenda,
Baba Shufaa

Naona nafasi imebaki kidogo. Bi Rehema amepita sasa hivi na mzigo hadi juu, kamba mpya imekaza. Amesimama mbele ya gereji, akazima, akanitazama, akawasha tena, akaenda zake kazini.