Tahariri ya Pamba Iliandikwa na Nani

Jumapili. Mawingu yamelala juu ya ziwa tangu asubuhi, na mvua hainyeshi wala haiondoki. Nyumba kimya.

Jana alikuja binti wa chuo kikuu anayeandika historia ya jarida letu. Wenzangu wote tuliolitengeneza pale mtaa wa Mirongo wameshatangulia, nimebaki mimi mpiga chapa. Nilifurahi kupata mtu wa kuongea naye hadi nikachemsha chai mara tatu.

Nilimweleza utaratibu wetu. Hakuna aliyeweka jina chini ya shairi wala makala. Nikishakata stensili ya kurudufia kwa taipureta, rasimu tulikuwa tunaziwashia jiko la mkaa. Tulijiona wajanja kweli. Leo hakuna hata karatasi moja ya kuonyesha nani aliandika nini.

Akauliza kuhusu tahariri ya pamba, ile iliyohoji kwa nini mkulima anapunjwa kwenye mizani. Watu waliinakili kwa mkono, ikavuka na kivuko hadi Busisi, ng'ambo ya ziwa, na mbele huko.

"Hii aliandika nani, bibi?"

"Bwana Lubango," nikamjibu. Ndiye mwalimu aliyekuwa mhariri wetu.

Niliandika mimi.

Lubango aliitwa na wakubwa wa serikali, akahojiwa, hakunitaja. Wakamfukuza ualimu. Siku anakusanya vitu vyake pale ofisini nilikuwa nimekaa mezani kwangu, na sikufungua mdomo. Alimalizia maisha Igoma akitengeneza redio, na kila tulipokutana alinisalimu vizuri, akaniulizia watoto. Heri angenitukana.

Binti aliandika jina la Lubango kwenye daftari, kisha akaniuliza kama mimi sikuwahi kuandika. Nikasema nilikuwa napiga chapa tu. Akatabasamu, akadhani ni unyenyekevu.

Nikiri hapa: sifa naitamani. Tahariri ile naijua kwa moyo mpaka leo. Lakini siwezi kusema niliiandika bila kusema kwamba nilinyamaza. Na hata nikisema, hakuna tena wa kunishuhudia wala wa kunisuta. Upweke wa kukosa wageni nimeuzoea. Huu wa leo siuwezi.

Mchana nimemtumia ujumbe. Nimemwandikia kwamba tahariri niliandika mimi, na Lubango akafukuzwa kwa ajili yangu.

Amejibu sasa hivi: "Asante kwa kuniambia, bibi. Kwenye kitabu niweke jina la nani?"

Simu iko mkononi. Maswali ya namna hii tulikuwa tunampelekea Lubango.