Ndama wa Kimali

Jumatatu, 3 Juni

Imeganda tena. Nimefungua faili la ndama, nikaipa programu ya takwimu kazi yake, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi skrini imepauka. Maandishi yaleyale: programu haijibu. Nimeifunga kwa nguvu.

Ofisi tupu. Wenzangu wote wa mradi wako Meatu, wanapima ndama na kucheka na wafugaji kwa Kisukuma. Mimi mtu wa Morogoro nimeachwa Bariadi na mashine. Nimeenda dukani kwa Salim kununua mkate. Mkate ninao. Nilitaka tu kusalimiwa.

Jumatano, 5 Juni

Imeganda. Nimezima, nimewasha, nimefunga kila kitu kingine. Imeganda.

Mchana amepiga simu Mama Holo, mfugaji wa Kimali, hukohuko Meatu. Namba yangu aliipata kwenye semina, siku tuliyowaambia wafugaji wawape ndama mashudu ya pamba, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, wakati wa kiangazi. Ndama wake wanakufa.

"Sasa mwanangu, haya mashudu ndiyo yananiulia ndama?"

Nimemwambia jibu liko kwenye kompyuta, na kompyuta imekwama.

"Inaumwa? Pole."

Bora angenitukana.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimeipa takwimu za kaya chache tu. Imemaliza kabla sijakaa vizuri. Nimeipa zote, imeganda. Kwa hiyo programu si mbovu. Tatizo ni ninachoilisha.

Nikafungua ukurasa unaoonyesha kompyuta inafanya nini. Memori imejaa pomoni, na bado inahangaika. Haikuwa imekufa. Siku zote hizi nilikuwa naiua ikiwa kazini.

Malori ya pamba yamepita kutwa. Vumbi mpaka kwenye kibodi. Sijasikia jina langu tangu juzi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata. Namba za hereni! Kila ndama ana hereni sikioni yenye namba yake. Mimi niliiambia programu kila namba ni aina ya ndama. Ikawa inafungua safu mpya kwa kila mnyama, maelfu ya safu, mpaka ikakosa pa kuweka.

Nimerekebisha. Namba sasa inatambulisha mnyama tu. Nikagawa kazi kata kwa kata, kila kipande kihifadhiwe kabla ya kingine kuanza. Skrini ikapauka. Mikono nikaikalia. Ikarudi.

Nilipiga kelele ya furaha. Hakuna aliyeuliza kuna nini.

Kisha nikasoma. Ndama wakubwa, mashudu yanawasaidia. Wadogo ambao bado wananyonya, waliopewa mashudu wanakufa zaidi. Kimali ndiko wengi walipewa wakiwa wadogo.

Nimerudia. Jibu lilelile.

Jumamosi, 8 Juni

Nimempigia bosi, Dodoma. Anasema ripoti ipite kwanza kwa wakubwa, wafugaji wasubiri. Nimemwambia ndama hawasubiri, wanalishwa kila asubuhi. "Neema, usituwashie moto." Akakata.

Nilitaka mtu wa kumuuliza. Nimepitia majina yote kwenye simu. Mama yangu atalia. Wengine tumebaki kutakiana heri ya sikukuu tu. Nikafua nguo. Zikaisha.

Nikampigia Mama Holo. Nimemwambia wadogo wasipewe tena, hata kidogo.

"Una hakika?"

"Ninayo."

"Basi njoo uyaseme hapa kwetu. Siyo kwenye simu."

Naogopa. Nimeandika ujumbe kwa bosi kwamba nakwenda. Hajajibu.

Jumanne, 11 Juni

Kimali. Masunga, mmoja wa wenzangu walioko Meatu, ndiye aliyekuja kunichukua kwa gari la mradi.

Wafugaji walikuwa wamekaa nje ya zizi la Mama Holo. Nikawasalimu, "Mwangaluka." Kisukuma changu kikaishia hapo. Nikaeleza kwa Kiswahili, Masunga akatafsiri. Hakuna aliyefoka. Mwanamume mmoja aliinuka, akaondoka bila kuaga.

Mama Holo akaniuliza mwenyewe, kwa Kiswahili, "Kwa hiyo wale niliowazika, niliwalisha kwa mkono wangu?"

"Ndiyo, mama. Kwa sababu sisi tulikwambia."

Masunga alisita kutafsiri. Wote walikuwa wameshaelewa.

Watu wakatawanyika polepole. Mama Holo akaingia zizini, akaanza kuwatenga wadogo mmoja mmoja. Sikujua nisimame wapi. Alipofika kwa wa mwisho, mwekundu mwenye baka jeupe, akanipa kamba bila kunitazama. Nikashika. Ndama akavuta, akachoka, akaegemea mguu wangu. Alikuwa wa moto.

Masunga akawasha gari, akapiga honi. Mama Holo akapaza sauti, akamwambia kitu kwa Kisukuma. Nililoelewa ni jina langu tu.

Masunga akazima gari.