Mkono wa Mwalimu Mkuu

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Julai.

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi huku hatujambo. Goti langu linalalamika nikipanda ngazi za shule, lakini ulimi wangu, kama ujuavyo, haujawahi kuugua.

Sasa kaa vizuri, maana habari hii nimeisubiri kwa hamu kukuandikia.

Unakumbuka ulivyolia kwenye simu mwaka ulipoanza, nilipokueleza kwamba mwalimu mkuu wetu, huyu ambaye wanafunzi wanamwita Wastani, amemwondoa binti yako kwenye darasa la mtihani. Yeye na wenzake kumi. Aliwapanga uwanjani mbele ya shule nzima, akasema hawa wanashusha wastani wa shule, wakajiandikishe huko nje kama watahiniwa wa kujitegemea. Wewe ulilia. Mimi sikulia. Nilisema moyoni, subiri baba, utanijua mimi ni mtoto wa nani.

Nilipomfuata ofisini hakunikaribisha hata kiti. Alisema, huku akichovya biskuti kwenye chai, kwamba shangazi mtu hawezi kuona haki, akaninyang'anya hesabu za darasa la mtihani na kunipeleka kidato cha kwanza. Biskuti ikakatika, ikazama. Ndilo jambo pekee lililonifurahisha siku ile.

Basi nikawachukua wale kumi na mmoja. Shoga yangu msusi alitupa chumba cha nyuma ya saluni yake, tukawa tunasoma kila alasiri huku mashine za kukaushia nywele zikinguruma. Sheria yangu ilikuwa moja tu: hatusongi mbele mpaka mtu aseme kwa mdomo wake pale alipokwama. Binti yako, ambaye hata msusi sasa anamwita Mbona, alikwama kila mahali. Mbona hapa tunajumlisha? Mbona alama imegeuka? Jamani, mtoto huyu alinichosha! Lakini kila alipouliza yeye, wenzake walishusha pumzi, maana nao walikuwa wamekwama palepale.

Mwezi uliopita ukaja mtihani wa majaribio, karatasi ileile kwa shule zote. Wangu waliufanyia shule ya jirani. Sisemi wamekuwa mabingwa. Mmoja kafeli vilevile na bado nampigania. Lakini Mbona kapata hamsini na nane, yeye ambaye mwaka jana ishirini ilikuwa sherehe, na lile darasa teule la Wastani limeanguka kifudifudi, chini ya wangu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mchimba kisima huingia mwenyewe!

Watoto waliobaki si wajinga, usinielewe vibaya. Waliona wasioelewa walivyofukuzwa, nao wakajishona midomo. Mwalimu akiuliza mmeelewa, darasa zima: ndiyooo! Kumbe hakuna aliyeelewa kitu.

Afisa elimu alipomjia juu, Wastani akaja hapa nyumbani na tai yake shingoni. Nami sikumpa kiti. Akaniomba nirudi darasa la mtihani. Nikasema sawa, ila wote kumi na mmoja warudishwe shuleni kabla uandikishaji wa mtihani haujafungwa. Akakubali upesi, akageuka kuondoka. Lo, alidhani nimemaliza! Mwenye kovu usidhani kapoa. Nikamwambia nawe utakaa darasani kwangu, dawati la mbele, na kila nikiuliza nani hajaelewa, wewe ndiwe wa kwanza kuinua mkono.

"Mbele ya wanafunzi?" akauliza.

"Kwani uliwafukuzia wapi?"

Jasho lilimtoka, mdogo wangu. Lakini afisa alikuwa anarudi, naye hana pa kukimbilia.

Alhamisi ndiyo ikawa siku yenyewe. Binti yako alikuwepo na sare yake, ameshaandikishwa kufanya mtihani pamoja na wenzake, kwa hiyo tulia. Nilifundisha milinganyo, nikageuka: nani hajaelewa? Nikamkazia macho Wastani. Akainua mkono, ukaishia sikioni. "Sijaelewa, mwalimu." Nikamwambia sijasikia, simama. Akasimama, akarudia. Hakuna aliyecheka. Kisha mkono ukainuka nyuma, na mwingine dirishani, halafu kiranja mwenyewe, yule binti anayesifiwa kila siku, akasema kwamba hajaelewa tangu mwaka uanze.

Nilianza na watoto, mmoja mmoja, Mbona akinisaidia ubaoni. Wastani alinitazama kuomba ruhusa ya kuketi. Nilijifanya simwoni mpaka kengele ikalia. Ilikuwa tamu, sikufichi, na bado sijamsamehe.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula. Msusi naye anakusalimu. Nisalimie wifi yangu, na umbusu mdogo wake Mbona kwa niaba ya shangazi yake.

Mungu akutunze, akupe nguvu na riziki ya halali. Na ukipiga magoti usimsahau Wastani, iombee miguu yake: kesho tuna vipindi viwili mfululizo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukichelewa kujibu,

Shangazi yake Mbona