Nimemwambia Mke Wangu Orsola Alifungua Mlango

Mpendwa Mama Dorothea, shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba unisome mpaka chini, kwa sababu shida yangu yote iko mwisho wa mambo, mwanzo wake hauna tatizo. Nakuandikia kutoka Guangzhou, Uchina, ambako gazeti lenu hutufikia likiwa limefungia dagaa wa mtu, kwa hiyo safu yako huwa naisoma ina mafuta kidogo, lakini naisoma.

Mimi ni mtu wa Unguja, nanunua viatu kwenye masoko ya Liuhua karibu na stesheni ya treni na kuvipeleka bandari ya Huangpu kupakiwa, na kazi hiyo sina lalamiko nayo. Kilichonipata ni fidla. Mjomba wangu alikuwa akipiga fidla kwenye taarabu nami nimekulia nyuma ya kiti chake, basi siku laoban wangu, yaani bosi mwenye duka ninalonunua viatu, aliponipa tikiti ambayo mkewe hakuitaka, nikaingia ukumbini nikakuta fidla zimepangwa safu kwa safu na zote zinapanda na kushuka kama zimeshikwa na mkono mmoja, nilibaki kitini mdomo wazi mpaka mfagiaji akanionyesha kwa ishara kwamba watu wamekwenda. Tangu hapo sijapona.

Nakaa juu kabisa, kwenye viti rahisi, nyuma ya nguzo, na kila mtu kule chini namjua: yule mpiga ngoma za shaba anayesubiri karibu onyesho zima kama mimi ninavyosubiri mteja, akishapiga mara mbili anakaa ameridhika, na yule bibi wa fidla kubwa anayefumba macho kama anayekumbuka deni. Kwetu mwimbaji akikugusa moyo unanyanyuka ukamtunza pesa, huku ukinyanyuka unaitiwa mlinzi, basi nimejifunza kutunza kwa kutokohoa. Na wenyeji wenyewe, mama, hawana adabu, peja zao za kuitana zinalia kiunoni, mifuko ya plastiki inachakarishwa, mbegu za alizeti zinabanguliwa katikati ya sehemu ya polepole, na mimi ndiye ninayewageukia na kidole mdomoni, mgeni mwenye kofia ya viua anawanyamazisha watu katika nchi yao.

Sasa sikiliza. Elimu yangu yote nimeipata kwenye CD zilizokatwa. Huku zinaletwa CD kutoka kwa Wazungu kama taka za plastiki, na ili zisiuzwe tena wamezipitisha msumeno ukingoni, lakini wajanja wanaziuza hivyo hivyo nyuma ya masoko ya nguo na zinapiga vizuri tu, isipokuwa nyimbo za mwisho, kwa sababu mwisho wa CD uko ukingoni na ukingo ndio uliopitiwa na msumeno. Kwa hiyo najua simfoni na opera kuliko Mswahili yeyote wa mji huu, na sijui hata moja inaishaje. Ukumbini muziki ukikaribia kumalizika jasho linanitoka, sijui ni pumziko au ndiyo basi, na huwa sipigi makofi mpaka niione mikono ya Mzee Liang, mwalimu mstaafu anayekaa mbele yangu, ambaye hajawahi kukosea.

Katika hizo opera kuna moja ya Kitaliano iliyoniingia. Rafiki yangu Benjamin, anayesomea udaktari hapa na aliyelelewa na mapadri wa Kitaliano kule Iringa, alinitafsiria akiwa amelala kitandani kwangu anakula karanga zangu. Kuna mwanamke anaitwa Orsola, mshona glavu katika mji wa baridi, mumewe amekwenda ng'ambo kuchimba madini, amesema atarudi kabla theluji haijayeyuka, na theluji imeyeyuka mara nyingi. Mwishoni Orsola anaimba peke yake karibu na mlango, anaimba mpaka unataka kumletea kiti, kisha mlango unagongwa, ko ko ko, na hapo CD inakwama. Ko ko ko, ko ko ko, mpaka uichomoe.

Mke wangu yuko Unguja na mtoto. Sisi wawili barua hazitutoshi, tunarekodi kanda na kumpa anayesafiri. Nikamrekodia hadithi yote ya Orsola, sehemu nyingine nikiimba mwenyewe, na nilipofika kwenye ko ko ko sikuona vizuri kumwacha mtu hewani, nikamwambia Orsola alifungua, mume akaingia na mizigo, majirani wakaja, ikapigwa karamu. Nimekaa huku miaka mitano, nimerudi mara moja tu kumzika mama, na mwaka jana nilikuwa nirudi kabisa ila ndiyo wakati ukumbi mpya unafunguliwa kule kwenye kisiwa cha mtoni na kuna matamasha mfululizo, nikamwambia mke wangu kontena limekwama Huangpu, lakini hilo si muhimu, muhimu ni hiyo opera, kwa sababu kundi kutoka Italia linakuja kuionyesha hapa, nami kwa furaha yangu nikaitangaza kwenye kanda.

Jibu lake nimelisikiliza mpaka kanda imelegea. "Baba Ilham," anasema, "nimesikia. Nimewawekea na wanawake wa mtaa, Bi Mwanahija amelia hadi akaomba maji. Sikujua kama na Wazungu hurudi. Basi pasi ya kusafiria nimeishika, kaka amenikatia tikiti, nashuka Hong Kong, nakuja kwako kwa treni. Ule Ukuta wao Mkuu wasinionyeshe, na maduka nitayaona njiani. Nipeleke kwa Orsola. Nataka niutazame kwa macho yangu ule mlango unavyofunguliwa."

Nilifurahi, wallahi nilifurahi, mpaka juzi kwenye tamasha, wakati wa mapumziko, nikamwuliza Mzee Liang, kwa Kichina changu cha viatu na mikono, kuhusu Orsola. Nikagonga hewani, ko ko ko, kisha nikafungua mlango. Mzee akatikisa kichwa. "Meiyou," akasema, hakuna, neno lile lile ninaloambiwa Liuhua nikiulizia saizi kubwa. Kisha akapuliza taa kwa mdomo, akajikunyata, akaanza kushona glavu ambayo haipo. Mama, Orsola hafungui. Anasikia anagongewa, anazima taa, anamalizia glavu yake gizani, na pazia linashuka mume bado anagonga. Sehemu ya pili ya tamasha sikuisikia hata noti moja.

Nimewaza mengi. Nimewaza kumtoa mapema nikisingizia basi la mwisho. Nimewaza kumwambia tikiti meiyou. Nimewaza kumkalisha kwenye kiti changu nyuma ya nguzo, ambako mlango hauonekani. Nikamwomba Benjamin akae upande wake wa pili amtafsirie vizuri, naye akaniambia, "Sheikh, maneno nitamtafsiria nitakavyo. Taa ikizimwa je, nimwambie umeme umekatika?" Nikamwambia kwao Unguja hilo ataliamini. Akacheka, mimi sikucheka.

Naogopa. Mke wangu si mtu wa kelele, ni mtu wa kuona jambo na kulitia mfukoni. Nikimkalisha pale akaona mwanamke mwenzake anagongewa mlango na hafungui, na watu wazima wenye tai wananyanyuka kumpigia makofi kwa hilo, atarudi nyumbani na nini mfukoni? Sina mwanamke mwingine, sinywi, swala sikosi. Tatizo langu ni zile dakika chache. Nifanyeje asizione? Na tafadhali jina langu lifiche.

Mpenda Fidla, Guangzhou


Mpenda Fidla,

Marahaba. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa umemtaja mwanao, rafiki yako na Bi Mwanahija wa mtaani kwenu, na sidhani kama Waunguja wanaokaa nyuma ya nguzo Guangzhou kusikiliza fidla ni wengi. Gazeti hili linauzwa hadi sokoni Darajani, huko huko Unguja. Kwa hiyo nisome haraka.

Opera mimi sijaiona. Naijua kwaya ya parokia yetu, na huko pia wamo wenye kukohoa makusudi. Kwa hiyo sitakusuta kwa kupenda muziki. Mtu mzima akipata kitu cha kumwacha mdomo wazi bila kumlewesha, ashukuru. Zile CD za msumeno nimemsomea hadi mume wangu, akaomba nirudie.

Lakini wewe umeniuliza swali dogo ili usiulize kubwa. Katikati ya barua, baada ya maziko ya mama yako, umepitisha ukumbi mpya na kontena la Huangpu, kisha ukaniambia hilo si muhimu. Baba, hiyo ndiyo barua. Mengine yote ni fidla. Lililokwama mwaka jana halikuwa kontena, ulikuwa wewe, umekaa juu kabisa, hukohoi.

Na hebu niambie, nani alikutuma useme Orsola alifungua? Ulisikia mlango unagongwa, CD ikakwama. Ungemwambia mkeo, "Hapa imekatika, sijui," angecheka, angebahatisha mwenyewe, na pengine angebahatisha vizuri kuliko wewe. Ulimjibia kwa sababu anayegonga ulimwona ni wewe, na ilikupendeza mwanamke akae kwenye baridi miaka, kisha afungue kwa kugongewa mara ya kwanza, na chakula kiwe tayari. Wewe ulituma hadithi. Yeye amepokea ahadi. Sasa Mzee Liang amekuambia meiyou na jasho linakutoka. Acha litoke.

Tena kwa macho yako yote hayo ya kuwaona wapiga ngoma, kuna kitu hukukiona. Anayesafiri ni yeye. Kwenye opera mume ndiye anayerudi kugonga, kwenu mwanamke amechoka kungoja agongewe, ameshika pasi, anakuja kugonga yeye. Ya Orsola mwachie Orsola. Wewe uliyeko ndani unapanga nini? Basi la mwisho, nguzo, Benjamin wa kudanganya kwa Kitaliano. Hiyo yote ni kuzima taa, bwana.

Sasa fanya ninavyokuambia. Chukua kanda mpya, umpe msafiri wa kwanza anayekuja huku, imfikie kabla hajapanda ndege. Mweleze mwisho kama Mzee Liang alivyokuonyesha, taa na glavu na yote, kisha mweleze nani hasa alikwama Huangpu. Usiimbe. Akitaka bado kuja, na nadhani atataka, katafute viti viwili vya chini pasipo na nguzo, ukae naye mpaka watu wa mwisho watoke. Taa ya Orsola ikizimwa usinong'one, usimtazame usoni kupima amelipokeaje, na akipiga makofi mwache apige, mikono ni yake. Mkitoka nje huenda akakuuliza, "Na sisi?" Hapo uwe na tarehe ya kurudi nyumbani, iliyoandikwa kwenye tikiti ya ndege. Tarehe ya kungojea kontena la Huangpu hatuitaki. Fidla usizililie. Umeniambia mwenyewe ulikulia nyuma ya kiti cha mjomba, na kiti hicho hakikuwa Guangzhou.

Na siku anayofika, nenda stesheni wewe mwenyewe, si Benjamin, na ufike kabla treni ya Hong Kong haijaingia. Nikisikia jioni hiyo palikuwa na tamasha, usiniandikie tena. Nitamwandikia mkeo, na ushauri wangu kwake utakuwa mfupi kuliko huu.