Figo Lako Limecheza Mpira Jumamosi

Otmari, binamu yangu usiye na haya,

Jumamosi nimecheza mpira. Nakwambia hili kwanza kabla ya salamu, maana nakujua, ungeruka mistari yote kulitafuta. Nimecheza beki wa kushoto, jezi mgongoni, mkanda mgumu tumboni kama daktari alivyotaka, na nyuma ya mkanda figo lako. Halijambo. Linafanya kazi vizuri kuliko lile ulilobaki nalo, na kwa kuwa huwezi kunijibu, nimeshinda.

Sasa salamu. Huku Kibaoni tupo. Mvua zimenyesha kwa adabu na mpunga umekubali. Mashine yako ya kukoboa inaendeshwa na bwana mmoja mpole mno, hapigi hata mluzi, na wateja wanalalamika, walishazoea kusubiri mchele wao huku wakitaniwa. Binti yako Anjela ameota meno ya mbele, makubwa, ya kwenu kabisa. Lile banda la kuangalia mpira limewekewa viti vya plastiki na runinga pana ya ukutani. Lakini wanaokaa mle siku hizi hawamjui Mfaransa wetu, yule beki. Nilimtaja juzi, mmoja akaniuliza anachezea timu gani. Nikanyanyuka nikatoka, nilikuwa nakaribia kugombana na mtu.

Unakumbuka tulivyobishana juu ya yule bwana? Wewe straika, mabeki wote uliwaona ni watu waliokosa kazi ya maana. Lakini Mfaransa ulimpenda tangu siku ya kwanza, ukashikilia kwamba uso ule si wa Ufaransa, ni wa Mahenge, kuna babu yetu alipotelea huko. Banda zima likacheka, wewe hukucheka hata kidogo. Habari zake zote ulikuwa nazo kichwani: alivyokulia kwenye maghorofa ya watu wa kawaida, alivyokawia kwenye timu ndogo mpaka wenzake wa rika lake wakawa mastaa yeye bado, alivyopanda taratibu, timu hii, timu ile, mpaka akacheza fainali ya Kombe la Dunia na kuingia kwenye timu iliyokuwa inatisha dunia nzima. Mimi nilimpenda kwa sababu yangu. Alikuwa beki asiye na makeke. Anakaba, anatoa pasi, anarudi nyuma, kamera wala haimtafuti.

Halafu ikaja ile habari ya uvimbe kwenye ini lake. Uliisikia redioni ukiwa mashineni, ukazima mashine na wateja wamejaa, ukaja kwa baiskeli kuniambia, na sura yako ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Tukajua basi, mpira wake umekwisha. Akapasuliwa, na msimu ule ule tukamwona anakimbia. Fainali ikafika, wakashinda, nahodha akavua kitambaa chake akamvalisha yeye, akaenda yeye mbele ya wote kunyanyua kombe. Otmari, ulilia mpaka ukatuaibisha ukoo mzima. Uliruka ukavunja benchi, mwenye banda akakupiga marufuku, ukawa unachungulia mechi kwenye tundu la bati.

Baadaye ini likamgomea tena. Safari hii alihitaji ini la mtu mwingine, na aliyejitolea kukatwa kipande cha lake alikuwa binamu yake. Banda lote likakugeukia wewe na mimi. Ukasema kwa sauti kwamba mimi kwako sipati hata ukucha. Nami nikasema ini lako nani alitake, limeshakuwa chupa ya pombe ya ulanzi. Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, ndivyo tulivyolelewa, kutukanana ndiyo kusalimiana. Na Mfaransa akarudi tena uwanjani na kipande cha binamu yake ndani, akacheza mpaka alipoamua mwenyewe kustaafu. Tukashangilia, tukaenda kulala, tukasahau.

Mpaka mimi nilipoanza kuvimba miguu.

Sitaki kuandika mengi ya wakati ule, unayajua. Mafigo yangu yote mawili yalikwisha, nikawa mtu wa kwenda Dar kusafishwa damu. Wadogo zangu wakapimwa, hawakufaa. Wewe hakuna aliyekuambia. Ulipanda basi mwenyewe, ukapimwa mwenyewe, halafu ukanitokea pale nilipolala na mipira ya kusafishia damu mkononi, hukusema hata pole. Ulisema: "Mfaransa kapewa na binamu yake. Mimi nishindwe na watu wa Ufaransa?"

Nililia, ukanikataza kulia. Ukatoa na sharti lako pale pale, nesi akisikia. "Sikupi ukakae nalo barazani ukiota jua. Nakupa ukacheze."

Nilipozinduka baada ya kupasuliwa, jambo la kwanza nililosikia ni wewe, kutoka wodi yako, umemtuma nesi aje aulize kama figo lako limekojoa. Lilikuwa limekojoa. Nesi anacheka, mimi nacheka na mshono unauma, mke wangu anapiga magoti kushukuru mbele ya mfuko wa mkojo. Tangu siku hiyo Kibaoni nzima ikakosa raha. Tukikutana sokoni huniulizi habari za nyumbani, unauliza figo langu halijambo, linakula nini, mbona unalitembeza juani. Ukawaeleza watu kwamba lile ni figo la straika, limewekwa kwa beki kimakosa, siku moja litampeleka mbele bila yeye kutaka.

Ruhusa ya daktari ya kucheza ilikuja wewe umeshatuacha. Lori lilipinduka barabarani na wewe umekaa juu ya magunia ya mchele, kama kawaida yako, kiti cha mbele hukitaki, eti hakuna upepo. Watu wengine wakaanza kunong'ona kwamba ni kwa sababu ulibaki na figo moja. Shangazi, mama yako, akasimama katikati ya msiba akawauliza figo na lori vinahusiana wapi.

Kazi yangu msibani niliifanya, usidhani niliikwepa. Binamu ndiye wa kutania, nami nilivaa jezi yako, nikafunga kitambaa kichwani, nikatembea mwendo wako ule wa kutupa miguu pembeni, nikadai ulanzi kwa waombolezaji, nikamwambia padri asikuombee sana, utazoea. Watu walicheka, Otmari. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanivuta, akanishika tumbo hapa chini, upande wa kulia, walipokuweka. Hakuondoa mkono. Akasema, "Huyu ndiye aliyebaki."

Basi kuanzia hapo nikafungiwa. Shangazi ni baba wa kike, akisema amesema. Nisipande bodaboda, nisibebe gunia, na mpira nisiutaje mbele yake. Daktari kaniruhusu, lakini daktari si shangazi yangu. Nikawa nakaa barazani naota jua, lile lile ulilolikataa. Nilikuwa nikiwasikia wenzangu wa timu ya maveterani wakipita na mpira wao, najifanya nasoma gazeti. Niliumia kuliko nilivyoumia na sindano. Nivunje sharti lako au nivunje moyo wa mama yako, niambie, wewe ungefanya nini? Wewe ungecheza tu halafu uombe msamaha. Mimi si wewe.

Nikaenda kwake Viwanja Sitini, nikamkuta anachambua mchele kwenye ungo. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikamweleza sharti lako lote kama lilivyo. Hakuwa amelijua. Aliendelea kuchambua. Halafu akaniuliza, "Yule Mfaransa wenu, alicheza tena?"

Nikamjibu alicheza.

"Na huyo binamu aliyemkatia, alimwona akicheza?"

Nikasema naamini alimwona. Akaweka ungo chini, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Wangu hakuwahi kuona," akasema. "Basi nitakuja kuona mimi."

Jumamosi akaja. Mama yako, kwa baiskeli yake, mwavuli umefungwa nyuma, kanga ya kanisani. Tulicheza na maveterani wa Sanje. Straika wao ni Masanja, yule Msukuma mwenye ng'ombe, kifua unakijua mwenyewe, alishawahi kukulaza chini wewe. Mke wangu alikuwa hajala tangu asubuhi kwa kumwogopa Masanja.

Mpira ukaanza, binamu, na mimi nikawa moto. Kila nikigusa mpira wananikimbia. Masanja akipata mpira upande wangu anaugeuza anaupeleka upande wa pili. Kona ikipigwa, wanasimama mbali na mimi. Nikajisifu moyoni, nikasema beki amerudi, Sanje wanatetemeka. Nikampungia mkono mke wangu. Wakati wa mapumziko ndipo kipa wetu, anacheka mpaka machungwa yanamtoka mdomoni, akanieleza. Kumbe kabla ya mechi Shangazi aliwafuata Sanje kwenye miti walikokuwa wanavalia jezi. Aliwaambia, "Yule wa kushoto amembeba mwanangu tumboni, atakayemgusa nitakwenda kulala mlangoni kwake mpaka nife." Wanaume wazima, wote wakaapa.

Nilikasirika. Hasira yenyewe sikuwa na pa kuipeleka, maana ni shangazi. Nikamwendea, nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia, "Shangazi, wananipisha kama wanavyolipisha jeneza."

Nilidhani atanifokea. Nilimwona anaogopa, Otmari, sijawahi kumwona shangazi yangu anaogopa, hata siku ile ya lori. Akaninyooshea mkono nimwinue. Akafungua mwavuli, akakatiza uwanja katikati, peke yake, polepole, mpaka walipokaa Sanje. Aliyowaambia sikuyasikia. Niliona tu Masanja anainuka, anainamisha kichwa, anampa mikono yote miwili.

Kipindi cha pili hawakunionea huruma. Walinipita mara ya kwanza, nikala vumbi. Wakanipita tena. Nilikuwa na furaha, binamu, sijui nikueleze vipi, furaha ya kupitwa na mtu anayetaka kukupita kweli. Halafu ukaja mpira mrefu, Masanja na mimi bega kwa bega tunaufukuza, namsikia anavyohema. Tukagongana. Nikaanguka chini, refa akafika filimbi mdomoni hajui apulize au aombe. Mimi nilikuwa nauona mpira tu. Ulikuwa hapa, kwenye mguu wangu wa kushoto, sijaupoteza. Nikainuka nao.

Ndipo nikamsikia mama yako. Amesimama, mwavuli umeanguka, anaita kwa nguvu zake zote.

"Otmari! Nenda nao!"

Jina lako. Halikumtoka kwa bahati mbaya, wala hakuna aliyemsahihisha. Nikasema, "Naam, mama," nikaenda nao. Nilivuka nusu ya uwanja, mimi beki, sijawahi kufika kule maishani, wenzangu wanapiga kelele nirudi, sirudi. Nikapiga. Mpira ulipita juu ya goli, ukapita juu ya ukuta wa shule, ukaangukia kwenye majaruba ya mpunga ya watu na mpaka leo hatujauona. Straika wewe, kumbe ndivyo ulivyokuwa unapiga.

Tulifungwa, kama unataka kujua. Nikatolewa kupumzika, nikanywa maji yangu, nikapimwa jana hospitali, kila kitu kipo sawa. Shangazi alipanda baiskeli yake, akafika njia panda akasimama, akaniuliza mechi nyingine ni lini.

Kwa hiyo, Otmari, lala. Dawa zangu nitazimeza, Anjela nitamfundisha kukaba kwa sababu kwenu hakuna ajuaye, na kila Jumamosi nitakayoamka na nguvu nitacheza. Mama yako atakuwa pale pembeni ya uwanja. Pumzika, binamu. Akikuita tena, nitaitika mimi.

Mtoto wa mjomba wako,
Fidelisi